Hakuna Mtu Humo

— Kasuku, uko wapi? Watu wote tumefika, unasubiriwa wewe tu!

— Niko nyumbani, Mwongozaji.

— Nyumbani unafanya nini siku ya onyesho?

— Nimefungiwa.

Upande wa pili wa simu, Mwongozaji akashusha pumzi, ile ya mtu aliyekwishaisikia habari mara nyingi mpaka haimshangazi tena, inamchosha tu.

— Na funguo?

— Ziko kiunoni kwa mwenyewe. Na mwenyewe si yuko hapo kwako anagonga misumari? Geuka umwombe.

Ni kweli, zilisikika nyundo. Aliyekuwa akigonga ni Fundi, mume wa Kasuku, seremala wa kikundi cha maigizo na bingwa wa makufuli. Nyumba yao ilikuwa na vyumba viwili tu, lakini benki ingeweza kuja kujifunza pale. Geti lilikuwa na kufuli kubwa kama kichwa cha ndama. Mlango wa mbele ulikuwa na komeo, wa jikoni ulikuwa na komeo na mnyororo. Hata kabati la sukari lilikuwa na kitasa, na sisimizi wa mtaa ule walikwisha kata tamaa wakahamia kwa majirani.

"Wezi wamezidi, mke wangu. Ni kwa usalama wako." Ndiyo hadithi aliyoimba tangu harusi. Akitoka, anafunga kwa nje. Akirudi, anafungua, anaingia, anafunga kwa ndani. Fundi alimruhusu mkewe kuigiza kwa sababu moja: yeye mwenyewe ndiye aliyejenga majukwaa, kwa hiyo kule nako alikuwa machoni pake.

Jina la Kasuku alipewa na wenzake kwa vile akisoma ukurasa mara moja, ameumeza; ataukariri hadi nukta. Hakuna aliyemkumbusha kwamba ndege huyo hufugwa ndani ya tundu. Alikuwa akilijua hilo bila kukumbushwa.

Alipokata simu, ujumbe ukaingia.

"Leo ndiyo leo. Wakianza kupiga makofi, gari litakuwa mlango wa nyuma wa ukumbi. Beba begi dogo. Wako, S."

Huyo S alikuwa Shababi, mwigizaji mwenye mabega mapana na meno ya kutangazia dawa ya meno. Mbele za watu alimwita Kasuku "shemeji". Kwenye simu alikuwa na majina mengine.

Kasuku aliusoma, akaufuta. Akakunja magauni mawili na ushungi mmoja, akavitia kwenye begi la maleba, akakaa kitandani kungoja mwenye funguo.

Geti likalia. Komeo likalia. Mlango ukafunguka, Fundi akaingia na vumbi la mbao kichwani.

— Samahani, mama. Niliitwa alfajiri, ukuta wa jukwaa ulikuwa unatikisika. Ulikuwa umelala, sikutaka kukuamsha.

— Ukaona bora unifungie.

— Sasa ningeacha wazi?

— Ndiyo. Siku moja tu, Fundi. Toka, uache wazi.

— Na ukiondoka?

Alilisema haraka, kama mtu aliyekanyaga moto. Hakuzungumzia wezi. Wote wawili walilisikia hilo, na wote wawili wakajifanya hawakulisikia.

— Twende, tumechelewa, akasema Kasuku.

Wakatoka. Nyuma yao kufuli likafungwa, ingawa ndani hakukuwa na mtu wa kufungiwa.

Mchezo wenyewe Mwongozaji aliutoa kwenye riwaya moja nene, yenye kurasa za kutosha kuwa mto wa kulalia. Alikuwa akiipenda tangu ujana, na alikwisha wasimulia wake zake wote watatu, mmoja baada ya mwingine, na wote wakamkimbia kabla ya mwisho. Ni habari ya mke wa mwenye bucha aliyempenda mkata nyama wa mumewe. Wapenzi hao wakamsukumia mume ndani ya chumba cha baridi, wakafunga komeo, wakawaambia watu amesafiri. Baadaye wakaoana. Lakini kila wakilala, wanasikia mtu akigonga kutoka kule ndani. Ngo, ngo, ngo. Onyesho la mwisho, mkata nyama anauliza: "Nani anagonga?" Mke anatazama ule mlango, anajibu: "Hakuna mtu humo." Taa zinazimwa.

Chumba hicho cha baridi alikijenga Fundi kwa mbao nyembamba, akakipaka rangi ya bati. Mlangoni alitia komeo la chuma la kweli, maana Mwongozaji alitaka sauti ya kumsimamisha mtu nywele za mkono. Nyuma aliacha kidirisha cha marehemu kutokea.

Marehemu aliigizwa na Bonge. Kwenye mazoezi Bonge hakutaka taabu ya kutoka. Alikuwa akibaki mle ndani na njugu zake na simu, mpaka mwisho. Mwanga wa simu ukawa unavuja kwenye nyufa, marehemu anaonekana anachati. Mwongozaji akalalamika. Asubuhi ile, Fundi akaziba kila ufa kwa sponji. Kisha, kwa kuwa ukuta ulitikisika kila mlango ukibamizwa, akakikaza kidirisha cha nyuma kwa skrubu. Bonge si hatoki? Basi. Kila kazi kwa upande wake ilikuwa na akili. Zote mbili kwa pamoja zilikuwa jeneza.

Walipofika ukumbini walimkuta Mwongozaji kashika kichwa.

— Bonge hayupo!

— Kaenda wapi?

— Hospitali. Alikuwa anapiga mwayo, taya likafunguka likakataa kurudi. Wamempakia kwenye teksi mdomo wazi kama pango. Dereva anasema ameona hadi alichokula jana.

Shababi akacheka. Mwongozaji hakucheka. Akamgeukia Fundi, akamtazama kuanzia viatu hadi vumbi la kichwani.

— Wewe umehudhuria mazoezi yote.

— Mimi napiga misumari tu.

— Maneno ya marehemu ni machache. Unaingia, unamfokea mke kuhusu funguo, unaingia chumba cha baridi kutazama nyama, wanakufungia, unatokea nyuma, unakwenda kunywa chai. Hata mbuzi anaweza.

— Kumfokea mke wangu mbele ya watu?

— Shemeji hatakasirika, akadakia Shababi, meno yote nje. Si mchezo tu? Au siyo, shemeji?

Kasuku akaendelea kufunga ushungi.

Wakamvika Fundi koti la Bonge, ambalo lingetosha familia nzima. Kukawa na purukushani: pini za kupunguza koti, masharubu ya gundi, watu wameanza kuingia ukumbini. Katika fujo ile, kidirisha kikamtoka kichwani. Mtu anayefunga kila kitu hakumbuki alichokifunga.

Ukumbi ulijaa alasiri ile mpaka watu wakakalia magoti ya wasiowajua. Mstari wa mbele kabisa alikaa mama yake Fundi, mkoba wake mkubwa mapajani. Alikuja kumtazama mkwe, akamwona mwanawe anatokea na masharubu.

— Funguo za bucha ziko wapi? Fundi akauliza jukwaani.

— Unazo mwenyewe, mume wangu. Kiunoni, akajibu Kasuku.

— Nani alikuja hapa nilipotoka?

— Angekujaje, na wewe umefunga?

— Haigizi huyu! mama mkwe akamwambia jirani yake kwa sauti iliyofika hadi choo cha nje. Ndivyo alivyo! Marehemu baba yake… si marehemu, alitoka kwenda kunyolewa, hajarudi mpaka leo. Nywele zitakuwa zimefika magotini. Tangu siku ile mtoto huyu akiona mlango wazi anatetemeka.

— Shhh! watu wakamnyamazisha.

Fundi akaingia chumba cha baridi kutazama nyama. Shababi akaubamiza mlango. Kasuku akasukuma komeo. Lilipolia ile "kacha", ukumbi mzima ukavuta pumzi. Ukuta haukutikisika hata kidogo.

Mle ndani kulikuwa giza kama tumboni. Fundi akapapasa nyuma akitafuta kidirisha. Akakisukuma. Akakisukuma tena. Ndipo akaikumbuka bisibisi yake, na mkono uliokuwa umeishika. Mkono wake mwenyewe.

Angeweza kupiga kelele. Lakini nje alisikia sauti ya mkewe, ile sauti iliyowafanya watu walie kwa maneno ya kukariri tu, na akajiambia: nitamharibia. Ngoja. Akasimama akiwa na koti la Bonge, taa kubwa za jukwaa zikikichoma kile kisanduku kwa juu, sponji ikizuia hata fununu ya upepo isipite. Jasho likayang'oa masharubu, yakaanguka.

Sehemu ya pili ikaanza. Kasuku na Shababi walikuwa wameoana, kwa mujibu wa riwaya, na sasa walipaswa kuogopa. Nyuma ya jukwaa alikaa mzee mmoja aliyeitwa Ngoma, kazi yake kugonga ubao kwa nyundo ya mti. Mara tatu, asubiri, mara tatu tena.

Ngo, ngo, ngo.

Kisha, mahali ambapo Ngoma alipaswa kusubiri:

Ngo. Ngo-ngo. Ngo-ngo-ngo-ngo!

Mwanamke mmoja ukumbini akapiga yowe. Mwanamume aliyekuwa kando yake akamkumbatia, na wanasema hata hawakuwa wanajuana. Mwongozaji alikuwa kwenye pazia, ameshika kamba, machozi yanamlengalenga.

— Ngoma mzee huyu! Leo kapagawa! Anaongeza ya kwake, lakini safi!

Fundi aligonga, akashangiliwa. Akagonga kwa ngumi, akashangiliwa zaidi. Hakuna mtu aliyewahi kuomba msaada akapigiwa makofi kama yale. Mwishowe akaketi chini, akakusanya pumzi, maana zilikuwa zimeanza kupimwa kwa kijiko.

Pazia likashuka kwa ajili ya kupanga onyesho la mwisho. Kasuku akaegemea mlango wa chumba cha baridi kufuta jasho. Shababi akaja akaegemea karibu yake. Waliamini nyuma yao kuna mbao tupu na mwenye mbao anakunywa chai.

— Begi lako liko wapi? Shababi akanong'ona.

— Kwenye kikapu cha maleba.

— Mumeo?

— Atakuwa nje kule. Sijamwona.

— Vizuri. Taa zikizimwa, usingoje kuinama. Mkono wangu, mlango wa nyuma, gari. Umeelewa, mpenzi?

Kasuku akaacha kufuta jasho.

— Shababi, nikuambie kitu, usije ukasema sikukuambia. Mimi sikupendi.

Shababi akacheka kimya, mabega tu yakitikisika.

— Utanipenda njiani. Safari ni ndefu.

— Nampenda yule mjinga. Nimejaribu kuacha, imenishinda. Anapika uji mzuri kuliko mama yangu. Nikiumwa analala amekaa. Lakini siwezi tena ile "kacha" ya asubuhi. Kila akifunga, nasikia kama amenifunga kooni.

— Sasa si ndiyo sababu tunaondoka?

— Naondoka kwa sababu mlango wako ndio pekee ulio wazi. Angeniachia wake wazi siku moja, nisingetoka. Naapa. Ningevuta kigoda, nikakaa palepale kizingitini, nikatazama nje. Basi.

Kutoka mgongoni mwao: ngo.

— Huyu Ngoma leo ana nini? Kasuku akasema. Bado, mzee!

Ngo… ngo.

Ngoma akapita mbele yao. Mkono mmoja kikombe cha chai, mkono wa pili andazi, nyundo imebanwa kwapani.

— Mimi? akauliza, andazi mdomoni. Sijagusa kitu, mwanangu. Tangu mwanzo nimepiga zangu zile zile. Hizo nyingine nilidhani ni maajabu ya riwaya.

Kasuku akageuka akalitazama lile bati la rangi. Akaweka sikio.

— Fundi?

Sauti ikaja nyembamba, kama inatoka chini ya maji.

— Kasuku… nilikaza… nyuma. Fungua.

Mkono wake ukaruka kwenye komeo. Ukakuta mkono wa Shababi umefika kwanza.

— Toa mkono!

— Tulia. Kengele imelia, pazia linafunguka sasa hivi. Ukimfungua, tumekwisha. Amesikia yote.

— Hana hewa humo!

— Onyesho lililobaki ni fupi. Tukishaondoka watamfungua. Mtu hafi kwa kuvumilia kidogo.

— Ndivyo alivyosema yule wa kwenye riwaya!

— Basi unayajua maneno yako, akasema Shababi, na meno yake yote yakarudi nje, kwa sababu pazia lilikuwa linafunguka.

Taa zikawapiga usoni. Shababi alisimama ameegemea komeo, kama riwaya ilivyotaka. Kasuku alisimama hatua chache kando yake, na kwa mara ya kwanza maishani mwake maneno yote aliyoyakariri yalikuwa mazito mdomoni kama mawe.

Kulia kwake, nyuma ya mapazia, aliuona mlango wa nyuma wa ukumbi. Ulikuwa wazi. Aliona kipande cha barabara, mti, na pua ya gari. Kushoto kwake kulikuwa na kisanduku na mtu ndani, mtu mwenye geti na kufuli la kichwa cha ndama. Akimfungua yule, alikuwa anajifungia yeye. Asipomfungua, alikuwa huru, na alikuwa mwanamke wa kwenye kitabu.

Ngo.

Ilikuwa ndogo sana. Safari hii hakuna aliyepiga makofi.

— Nani anagonga? Shababi akauliza kwa sauti kuu. Kisha chini chini, midomo haitikisiki: Sema. Sema tumalize.

Kasuku akafungua kinywa.

— Hakuna…

Sauti yake ikakatika. Na kugonga nako kukanyamaza.

— Yumo, akasema.

Mwongozaji aliyekuwa ameshika swichi ya taa akakodoa macho. Maneno hayo hayakuwemo.

— Yumo! Mume wangu yumo humo ndani! Nimemfungia mimi, kwa mkono huu. Na huyu mwanamume ananiambia nivumilie kidogo, atafunguliwa tukishaondoka. Nilitaka kuondoka. Nimefunga begi. Sikuwa naondoka kwa ajili ya mapenzi, jamani, nilikuwa naondoka kwa ajili ya hewa! Na sasa yeye ndiye asiye na hewa. Toka kwenye huo mlango, Shababi.

— Mke wangu umeanza kuweweseka, Shababi akawageukia watazamaji, akijitahidi kuigiza. Humu hakuna mtu.

— Toka!

Akanyakua kilichokuwa karibu, paja la ng'ombe la sponji lililoning'inia kwenye kulabu, akamtandika nalo. Likadunda. Akamtandika tena. Likadunda. Hapo ukumbi mzima ukasimama.

— Fungua! mtu akapiga kelele.

— Fungua! Fungua! wakaitikia wote.

— Huyo ni mwanangu humo! ikapaa sauti moja juu ya zote. Mama mkwe alikuwa amekwisha panda jukwaani, gauni kakunja, mkoba kaushika kwa mikono miwili kama shoka. Hakuuliza kitu. Mkoba ule ulikuwa na kopo la mafuta ya kujipaka, kufuli la akiba na vitu vingine vizito vya kimama ambavyo havijawahi kutajwa. Ulimkuta Shababi juu ya sikio. Wanaosimulia wanasema alizunguka mara mbili kabla ya kuamua aangukie upande gani.

Kasuku akavuta komeo.

Kacha.

Fundi akaanguka nje kama nguo iliyotolewa kwenye beseni. Hakuwa na masharubu, hakuwa na rangi. Kasuku akapiga magoti, akamvua lile koti, akampepea na ushungi wake.

— Vuta pumzi. Vuta, baba. Vuta tena.

Akavuta. Ikaingia na kelele kama mlango mkavu. Watu walipoona kifua kinapanda, dari lilikaribia kupaa kwa makofi. Wenye kulia walilia, wenye viatu vya kutupa walitupa. Mwongozaji alikuwa ameketi sakafuni nyuma ya pazia, ameshika riwaya yake kifuani.

— Nani kaandika huu mwisho? akawa anauliza kila mtu. Nani kaandika?

Shababi hakungoja kuinama. Alitoka mlango wa nyuma ameshika sikio, na gari likaondoka na abiria mmoja.

Baadaye, ukumbi ulipokwisha kuwa mtupu, Fundi alikaa juu ya kikapu cha maleba akinywa maji. Kasuku alisimama. Mama mkwe alikohoa mara moja, akasema anakwenda kutafuta choo, akaenda. Aliyemjua alijua hiyo ndiyo heshima kubwa aliyopata kumpa mtu.

— Nilisikia, akasema Fundi.

— Yote?

— Mpaka ile ya kigoda.

— Basi sina cha kukuficha. Nimekukosea.

— Nilipokuwa mle ndani, akasema polepole, nilikuwa na hasira nawe. Kidogo tu. Halafu hewa ikapungua, hasira ikaondoka nayo. Nikawa nasikiliza watu wanavyoshangilia ninavyogonga. Nikajiuliza, hivi wewe ulipogonga, mimi nilifanya nini?

Fundi akaweka maji chini.

— Ulikaa mle muda gani, mke wangu?

— Tangu harusi.

Fundi akafungua mkanda wake. Akatoa lile fungu la funguo, zito hadi suruali yake ilipanda juu lilipotoka. Akamwekea mkononi.

— Sitakuuliza unakwenda wapi.

— Kwa dada yangu.

— Nimesema sitauliza, sasa mbona unaniambia?

— Ili usipate presha.

Kasuku akachomoa begi lake kwenye kikapu alichokalia mumewe, akatoka kwa mlango wa mbele, mchana kweupe, funguo zikilia mkononi mwake njia nzima. Fundi hakumfuata. Alishika kikapu kwa mikono miwili, kama mtu aliye kwenye gari linalokwenda kasi.

Kwa dada yake Kasuku, ujumbe ukawa unaingia.

"Nimeng'oa komeo la jikoni. Mkono umetetemeka, lakini limetoka."

"Nimeng'oa la mbele. Nimelala mlango wazi. Sikulala."

"Sisimizi wamerudi. Wamekuja na ukoo wote."

Dada mtu alichungulia simu.

— Mdogo wangu, usilainike. Wanaume wakiachwa wiki moja wanakuwa malaika, ukirudi mbawa zinanyofoka.

— Nimelainika wapi? Nasoma tu.

— Mbona unatabasamu?

Ujumbe mwingine:

"Nimeng'oa la geti. Mbuzi wa jirani ameingia, amekula pazia la sebuleni, lile la maua. Nimemwacha. Alionekana ana furaha."

Dada mtu naye akacheka hadi akamwaga chai.

Kasuku aliendelea kuigiza. Kila alasiri alikwenda ukumbini peke yake na kurudi peke yake. Mwongozaji aliubakiza mwisho mpya, Bonge akarudi taya likiwa limefungwa kitambaa kama mtu mwenye zawadi kichwani, na mkata nyama akaigizwa na mtu mwingine mwenye meno ya kawaida. Siku moja, katikati ya mazoezi, aliposema "Yumo", Kasuku aligundua hamzungumzii Bonge, bali Fundi.

Akaenda nyumbani bila kumwambia mtu.

Geti lilikuwa limesimama wazi. Mlango wa mbele, mahali pa komeo, palikuwa na tundu lililozibwa vizuri kwa kipande cha mbao na kupigwa msasa. Ulikuwa umerudishwa tu, angeweza kuusukuma kwa kidole. Hakuusukuma. Alisimama, akagonga mara tatu.

Ngo, ngo, ngo.

Ndani kitu kikaanguka. Sufuria, au mtu.

— Nani? ikauliza sauti ya Fundi.

Kasuku akasogeza mdomo karibu na mlango.

— Hakuna mtu.

Nyayo zikaja hadi upande wa pili wa mlango, zikasimama hapo. Hazikuugusa.

— Basi aingie, akasema Fundi.

Akaingia. Fundi alikuwa kakonda, ana unga wa uji hadi kwenye nyusi. Wakatazamana. Kasuku akafungua begi, akatoa lile fungu la funguo, akalining'iniza kwenye msumari uliokuwa umebaki bila pazia. Halafu akavuta kigoda, akakiweka kizingitini, akakaa, akatazama nje. Hakukuwa na cha ajabu huko. Mtaa, jua, na mbuzi wa jirani aliyekuwa akija taratibu, akiwa na macho ya mgeni aliyealikwa.

Nyuma yake Fundi alihema. Alisogea, akarudi, akasogea tena. Mikono ilimwasha.

— Mke wangu, mbuzi yule anakuja. Nisogeze mlango kidogo tu?

Kasuku hakugeuka.

— Thubutu!